Harambee ya vitabu, vijiti vya chelewa na uji kwa watoto wetu wa darasa la nne

Ndugu wazazi, walezi na nyote mliopitia shule hii,

Mpe mtoto wa darasa la nne 52 − 27. Wengi wataandika 35. Si uvivu: wameona 2 toa 7 haiwezekani, wakageuza, 7 toa 2, wakapata 5. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweka alama ya kosa na kusonga mbele. Hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja amefikaje hapo. Kaka au dada wa darasa la sita anayo.

Tunaomba mchango wa kuwasomesha wawili wawili, mdogo wa darasa la nne na mkubwa wa darasa la sita: jozi 40, siku tatu kwa wiki baada ya vipindi, dakika 40, kwa wiki 12. Kwanza mwalimu anampima kila mtoto peke yake: silabi, maneno, aya, hadithi. Ataanzia alipokwama, hata kama ni kitabu cha darasa la kwanza.

Wanakaa ubavu kwa ubavu, kitabu katikati. Mdogo akikwama kwenye "ng'ombe", mkubwa hamtajii. Anahesabu vidole vitano kimya, kisha anafunika neno kwa karatasi, anafunua "ng'o", halafu "mbe". Kwenye hesabu ile, wanaweka mafungu matano ya vijiti kumi kumi na viwili pembeni. Wanafungua fungu moja: vya pembeni sasa ni 12. Toa 7, vinabaki 5. Toa mafungu mawili, yanabaki mawili. 25, na mtoto ameishika mkononi.

Yanayoharibu kazi hii tunayajua. Mdogo hukariri ukurasa huku macho yako dirishani; dawa ni kumwanzisha mstari wa chini. Anayeongoza darasa mara nyingi hukosa subira, kwa hiyo tunapenda zaidi yule aliyewahi kuhangaika na hesabu hizo hizo. Ndugu wa nyumba moja hatuwaweki pamoja. Na mwalimu lazima awepo chumbani, la sivyo mdogo huishia kutumwa maji.

Njaa ndiyo mbaya kuliko yote, maana saa tisa tumbo tupu halisomi. Uji wa watoto 80, gramu 40 za unga kila mmoja, ni kilo 3.2 kwa siku. Kwa siku 36 ni kilo 115, na sukari kilo 29. Fedha nyingi zitaenda kwenye vitabu 80 vya hadithi fupi zenye maandishi makubwa, kwani kitabu cha darasa la nne ni kigumu mno kwa anayeanzia silabi. Pia madaftari 80, penseli 160, mikeka 10 na mipira 400 ya kufungia vijiti.

Fedha ipokelewe na mhasibu wa kamati kwa stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Asiye na fedha alete unga, au fagio la chelewa. Tunahitaji vijiti 4,000 vya urefu wa kiganja, na kuvikata kunataka watu wengi wenye visu, Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe wa shule.