Tuachiwe ufukwe wa kupwelezea vyombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalitambui kwa urahisi, ingawa hutendeka mbele ya macho yao. Mimi na mke wangu tunaishi ndani ya jahazi, na huu ni mwaka wetu wa tisa. Humo tunapika, humo tunalala, na kwa chombo hicho hicho tunachukua saruji, unga na mbao baina ya Tanga na bandari ndogo za Pemba. Jahazi hilo halijawahi kupelekwa kwenye cheleza, yaani gati la matengenezo, wala kukarabatiwa na kampuni. Kila ubao uliobadilishwa na kila mshono uliozibwa umepita mikononi mwetu wenyewe, tukisaidiwa na vijana wetu wawili na, kazi inapotuzidi, na fundi mmoja mzee wa Kigombe. Kazi hiyo haiwezekani bila ufukwe ulio wazi wa kupwelezea chombo, yaani kukiacha kikae mchangani maji yanapopwa, na fukwe za namna hiyo zinakwisha.

Jahazi la mbao halitengenezwi sehemu ya chini likiwa linaelea, wala haliwezi kuachwa juani majuma mawili likingoja fundi apate nafasi, kwa sababu mbao zake hukazana kwa kuvimba maji. Zikikauka mno mishono hufunguka, na siku ya kurudi baharini chombo hunywa maji kila upande. Ndiyo maana wazee wetu waliitegemea bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika mwambao huu bamvua ina saa zake: siku mbili hivi baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa pomoni karibu saa 10 alfajiri, hupwa hadi mwisho karibu saa 4 asubuhi, kisha hujaa tena saa 10 jioni, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Basi alfajiri tunakisogeza chombo ufukweni kingali kinaelea, tunakitia magadi, yaani nguzo za kukiegemeza, ubavuni kisilale, na maji yakishatoka chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, tunakuwa na saa chache za mchana kufanya kila kinachotakiwa kufanywa. Ukiikosa bamvua hiyo, maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, hayatakufikisha juu ya mchanga; utangoja majuma mawili.

Saa hizo hazina mapumziko. Kwanza tunakwangua makombe na majani ya bahari yaliyoganda, kisha tunawasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya mbao, taratibu, ili moto uwaue wadudu wanaotoboa mbao bila kuunguza mbao zenyewe. Ubao ukiwa umekwisha kuliwa hujulikana kwa mlio wake: ukiugonga kwa kishikio cha nyundo, ubao mzima hulia kwa sauti kavu, na ulioliwa hutoa sauti nzito kama debe lililojaa mchanga. Baada ya hapo ndipo tunapotia kalafati, yaani kuziba mishono. Pamba husokotwa iwe kamba nene kama kidole cha mtoto, hulowekwa mafuta, kisha husukumwa katika mshono kwa patasi butu, kidogo kidogo, bila pupa. Anayepiga kwa nguvu anafikiri anaziba, kumbe anautanua mshono na kuulegeza wa jirani yake. Fundi wetu alimkataza kijana wangu kushika nyundo kwa miezi mitatu mpaka mkono wake ulipotulia. Mwisho tunapaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa, na tunaipaka kwa viganja kwa sababu hakuna brashi inayofika kila kona.

Kazi za kila siku ndizo zinazopunguza kazi za bamvua. Asubuhi na jioni tunamwaga maji ya bahari juu ya sitaha, maana chumvi huhifadhi mbao na maji ya mvua ndiyo yanayozioza. Ubao wa nje, ule ulio juu ya maji, tunaupaka sifa, yaani mafuta ya samaki, na harufu yake tumeshaizoea kiasi kwamba mke wangu huniambia haisikii tena mpaka tufikiwe na wageni. Hata jiko, lile sanduku la mchanga tunalowashia mkaa, lina kanuni yake: mchanga hubadilishwa unapoanza kushika majivu na unyevu, kwa kuwa hapo ndipo ubao ulio chini yake huanza kuoza bila mtu kuona.

Naomba niwaeleze na wenzangu wanaoanza kuishi vyomboni kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita nilinunua sola, betri na pampu ya umeme inayojiwasha maji yakipanda ndani ya ngama, yaani tumbo la chombo. Nilifurahi sana, na tukaacha kufua maji kwa mikono. Usiku mmoja tukiwa njiani kutoka Wete, kijana akaniamsha: "Nahodha, magunia yanalowa." Betri ilikuwa imekwisha. Pampu ilikuwa ikifanya kazi kwa majuma mengi kuficha mshono uliokuwa ukifunguka karibu na mkuku, na mimi niliyekuwa nikihesabu ndoo kila asubuhi sikuwa na hesabu yoyote tena. Tulifua maji kwa ndoo hadi kulipopambazuka, tukafika salama, lakini magunia 11 ya unga yaliharibika. Sola bado tunayo na taa zake ni neema. Pampu pia ipo, ila kila alfajiri mtu hushuka kwa mikono yake na kuhesabu ndoo, na ndoo zikizidi tunajua kwamba bamvua ijayo tuna kazi.

Hapo ndipo penye shida yetu, Ndugu Mhariri. Ufukwe tuliokuwa tukiutumia tangu mwanzo, ambao kabla yetu ulitumiwa na manahodha wengine, ulizungushiwa ukuta mwaka jana na mwenye kiwanja kilicho nyuma yake. Ukuta umeshuka hadi mahali maji ya bamvua yanapofika, na mlinzi hutufukuza hata tunapobaki chini yake kwenye mchanga unaolowa kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sisi tunapanda na maji na kushuka na maji siku ile ile, ukuta haushuki. Nashindwa kuelewa kwa nini anayehesabiwa kuwa mvamizi ni mwenye jahazi.

Ninakubali kwamba si kila tunachofanya kinafaa kuachwa kama kilivyo. Wapo wanaoacha mabaki ya rangi na makopo ufukweni, na hilo lisivumiliwe. Rangi za sumu za kuzuia makombe zenye madini ya bati zilikatazwa na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008, na mwenye chombo anapaswa kujua anachonunua dukani. Chokaa na mafuta ya mnyama havijawahi kuingia katika katazo hilo.

Ninachoomba kwa halmashauri za mwambao ni kidogo na hakina gharama kubwa: kila mji wenye vyombo vya tanga utengewe kipande cha ufukwe wa mchanga, usio na mawe, chenye njia ya kupitisha mbao na makuti, na kitambuliwe kwenye ramani ya mipango miji kuwa ni mahali pa kupwelezea vyombo. Mita 100 zinatosha vyombo vitatu kwa wakati mmoja. Mafundi waulizwe wapi, maana wao ndio wanaojua mchanga upi ni mgumu na upi humeza mkuku.

Jahazi letu linatakiwa kupanda bamvua ya mwezi mwandamo ujao. Mshono wa karibu na mkuku umeanza tena, tunafua ndoo 14 kila asubuhi, na hadi ninapoandika barua hii sijajua tutalipwelezea wapi.

Wako,
Nahodha na mkazi wa jahazi,
Tanga