Rehema, ile siyo daiquiri

Shosti Rehema,

Nimeona picha za bethidei yako, umependeza sanaaa, ila ile glasi ya pinki yenye stroberi na krimu juu umeandika eti daiquiri, yaani kokteli ya ramu, ndimu na sukari, nikashindwa kukaa kimya maana unajua kazi yangu ni kaunta na hiki kinywaji nakipenda kuliko vyote.

Daiquirí ni kijiji huko Kuba, pwani, karibu na Santiago, kulikuwa na migodi ya chuma. Mwaka 1898 wanajeshi wa Marekani walishukia hapohapo kwenda kupigana na Wahispania, na miaka hiyohiyo ndo alikuwepo injinia wa migodi Mmarekani, Jennings Cox, ambaye anatajwa ndo mwenye resipi. Aliandika ya watu 6: limau 6, sukari vijiko vidogo 6, ramu vikombe 6, maji kidogo na barafu ya kutosha, basi. Ila mi naona Cox alikipatia jina tu, kwa sababu wapigania uhuru wa Kuba walishakuwa na canchánchara yao, pombe ya miwa na asali na ndimu, hata yeye hajafika.

Halafu kuna Constantino Ribalaigua, huyu ndo nampenda, alikuwa na baa ya El Floridita pale Havana na miaka ya 1930 alikuwa anaisaga daiquiri na barafu kwenye blenda, so blenda haina kosa shosti, kosa ni ile siropu ya chupa. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuwa mteja wake, yake haina sukari na ramu mara mbili, na leo sanamu lake la shaba limeegemea kaunta hapohapo.

Utamu wake ni kwamba hakuna pa kujificha. Ramu mbaya utaijua, ndimu ya jana utaijua, sukari ikizidi tone tu inakuwa juisi. Mi naweka ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu mililita 25, na mililita 20 za sukari niliyoiyeyusha kwenye maji, natikisa na barafu mpaka chombo kinaganda mikononi, nachuja kwenye glasi iliyotoka friza, ile funda la kwanza ni kali, baridi, alafu utamu wa muwa unakuja taratibu nyuma yake.

Desemba ukija nakutengenezea. Beba zile ndimu za kwa mama yako Muheza, ndogondogo za ganda jembamba, kama 10 hivi, huku naziona kubwa tu na maji hazina.

Wako,
Zai