Wikipedia yadai vyanzo. Magazeti yetu yameviweka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze yaliyonifika baada ya kustaafu ualimu, nilipoamua kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyofunguliwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na ambayo hadi leo huandikwa na watu wanaojitolea bila malipo.

Makala yangu ya kwanza ilihusu kikundi cha taarabu kilichokuwa kikipiga mtaani kwetu hapa Tanga nilipokuwa mtoto. Niliiandika kwa usiku mmoja, nikakisifu kikundi hicho kuwa "hakina mfano Afrika Mashariki nzima", nikaichapisha na kulala usingizi mnono. Asubuhi nilikuta juu ya makala tangazo kwamba imependekezwa kufutwa. Katika ukurasa wa majadiliano mhariri mmoja mzoefu alikuwa ameniuliza, kwa adabu, ni nani aliyesema kwamba kikundi hicho hakina mfano, habari zake zimechapishwa wapi, na kama nina uhusiano wowote na wanakikundi. Nilimjibu kwa hamaki kwamba habari hizo nazijua mwenyewe, kwa kuwa mpiga fidla alikuwa baba yangu mdogo. Kumbe kwa jibu hilo moja nilikuwa nimejifunga mara mbili: nimekiri kwamba sina chanzo, na nimekiri kwamba ninamwandikia ndugu yangu. Hata sahihi sikuweka, kwani sikujua bado kwamba mchango wa majadiliano humalizwa kwa viwimbi vinne (~~~~), ambavyo hugeuka vyenyewe kuwa jina la mwandishi, saa na tarehe.

Nilinuna wiki nzima, kisha nikarudi kusoma kanuni, jambo ambalo kila siku nilikuwa nikiwahimiza wanafunzi wangu walifanye kabla ya kushika kalamu. Kanuni kuu si nyingi. Mwandishi asiegemee upande wowote, kila anachodai kiweze kuthibitishwa kwa chanzo kilichochapishwa, na asilete utafiti wake mwenyewe ambao haujatolewa popote. Kunakili habari ya gazeti neno kwa neno ni kuvunja hakimiliki, na tafsiri ya kompyuta iliyomwagwa bila kusahihishwa huwaachia wengine mzigo. Kilichonitoa jasho hasa ni tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo, ambayo huandikwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga. Siku moja nilisahau kuweka alama ya kufunga, na aya mbili zilizofuata zikamezwa humo hadi pale tanbihi nyingine ilipofungwa. Nilidhani nimeharibu kazi ya watu. Yule yule aliyeniuliza maswali ndiye aliyenielekeza kwenye historia ya ukurasa, ambako kila toleo la awali limehifadhiwa, na kosa langu likatenguliwa kabla chai yangu haijapoa.

Mwanzoni niliiona kanuni ya vyanzo kuwa dharau kwa wazee wetu, ambao maarifa yao hayamo vitabuni, na sikatai kwamba bado naiona kali kwa jamii kama zetu. Hata hivyo, nikitazama habari za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, yaani kuzaliwa kwake Fumba, Unguja, safari yake ya Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, na kifo chake mwaka 1950, naona kwamba mwandishi wa leo ana mahali pa kuegemea, kwa kuwa Shaaban Robert alichukua taabu ya kuandika wasifu wake. Baba yangu mdogo hakupata wa kumwandikia, na mimi, kwa kanuni hizo hizo, si mtu wa kuanza.

Hapo ndipo ninapokuja kwako, Mhariri, kwa sababu kwa mambo mengi ya mitaa yetu chanzo pekee kinachoweza kupatikana ni gazeti. Nilikumbuka kwamba gazeti moja, si hili lako, liliwahi kuandika juu ya kikundi kile. Kiungo chake nilikipata, lakini kilinipeleka kwenye ukurasa usiokuwapo, kwani tovuti ilikuwa imetengenezwa upya na habari za zamani hazikuhamishwa. Jirani yangu alikuwa na kipande cha karatasi yenyewe, kimekunjwa ndani ya Msahafu. Picha ya wapigaji inaonekana vizuri, ila mkasi ulipita juu ya tarehe na jina la mwandishi. Sikuweza kukitumia.

Ninachoomba ni kwamba kila habari iwe na jina la mwandishi na tarehe kamili, anwani za habari za zamani zisivunjwe tovuti inapobadilishwa, na tanzia za wasanii, mafundi na walimu wa mitaani zipewe nafasi kubwa kuliko mistari mitatu tunayoizoea.

Makala yangu haikufutwa. Imehamishiwa kwenye ukurasa wangu wa majaribio, na yale maneno ya "hakina mfano" nimeyaondoa kwa mkono wangu. Mpiga ngoma wa kikundi yu hai, amevuka miaka 80, na bado anakumbuka nani alikaa wapi jukwaani. Mwandishi wako akifika Tanga, nitamfikisha hadi mlangoni kwa mzee huyo, kisha mimi nitasubiri nje.

Mwalimu mstaafu,
Tanga