Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: mkaa wetu unaishia chini ya sufuria ya maharage

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Uyole. Mimi ni mama wa watoto wanne na mweka hazina wa kikoba cha kina mama 18.

Kila linapozungumzwa suala la hewa ukaa hapa mkoani, tunahimizwa kupanda miti. Tunapanda. Lakini mche aliouotesha mwanafunzi Januari hauwezi kushindana na magunia ya mkaa yanayoingia mjini kutoka Chunya. Kwa matanuri ya udongo wanayotumia wachomaji wetu, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Na ukiufuata mkaa huo hadi jikoni, utaukuta chini ya maharage. Ugali ni dakika ishirini, mboga za majani ni dakika kumi. Maharage ni saa tatu.

Hata waliogawiwa mitungi ya gesi wanafanya hivyo hivyo. Gesi ni ya chai na mayai. Hakuna mama anayekubali kuimaliza kwa maharage, kwa hiyo yakifika maharage jiko la mkaa linarudi uani.

Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama pwani. Yanatokota na kufurika, lakini joto lake halitoshi kuivisha punje upesi. Mama wa Temeke na mama wa Uyole wakipika maharage yale yale, wa Uyole ndiye atakayechoma mkaa mwingi. Kwa miaka mingi nilidhani nauziwa maharage ya zamani, nikawa nagombana na wauzaji sokoni bure.

Ndiyo maana nasema presha kuka ya umeme ina faida kubwa zaidi huku nyanda za juu kuliko kwingine. Inaufungia mvuke ndani, joto linapita nyuzi 100, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kabla ya saa moja kwisha. Umeme unaotumika haufiki uniti moja. Kwa mteja mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hiyo ni bei ya pipi chache. Na umeme wenyewe una asili yake kwetu: maji ya milima hii yanashuka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu, kisha yanafika Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tukikata miti ya vyanzo vya maji ili tupikie, tunaharibu umeme ule ule ambao ungetupikia.

Kikoba chetu kilianza mwaka jana. Kila mwezi fedha za mzunguko zinanunua presha kuka mbili, kwa anayefikiwa na zamu. Ambaye zamu yake bado, analeta maharage yake yameshalowekwa kwa jirani aliyekwishapata, yanapikwa pamoja, wanagawana. Mwanzoni kulikuwa na aibu, mtu hataki jirani ajue leo anakula nini. Ilichukua muda. Sasa watoto ndio wanaopokezana mabakuli jioni. Mimi nilikuwa nanunua visado vitatu vya mkaa kwa wiki, leo nanunua kimoja, na hicho ni cha kuota moto Juni na Julai. Hapo nako pana hatari, Mheshimiwa: jiko la mkaa likilazwa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Naomba watendaji wa mitaa walitangaze hilo kila baridi inapoanza.

Tumefika mahali ambapo nguvu zetu peke yake hazitoshi.

Kwanza ni uniti 75. Mteja mdogo akizidisha hapo kwa mwezi, kila uniti ya ziada inalipiwa shilingi 350. Majirani zangu wengi wana umeme ndani lakini hawathubutu kupikia, wanaogopa kuvuka mstari huo na kuondolewa kwenye kundi la bei nafuu. Najua bei haipangwi ofisini kwako. Lakini wewe unaingia vikao ambavyo sisi hatuingii. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefikiwa ifikapo 2034. Tafadhali wapelekee wanaohusika swali hili: kwa nini kaya inayoacha mkaa na kupikia umeme isiongezewe uniti?

Pili ni ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo ile ni ya miradi, na chombo cha jikoni hakihesabiwi kuwa mradi. Basi kikundi kiruhusiwe kukopa, kinunue presha kuka kwa jumla, kiwauzie wakazi kwa kulipa kidogo kidogo. Hiyo ni biashara kamili, na sisi tumeshaonyesha kwamba wateja wanalipa.

Vijijini ambako umeme haujafika sitaki kudanganya, presha kuka haitawafaa leo. Lakini Mbarali wana malundo ya pumba za mpunga nje ya mashine za kukoboa, na pumba hizo zinaweza kutengenezwa mkaa mbadala. Rungwe wana ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, na samadi yao inatosha kuendesha mtambo wa gesi wa nyumba mbili tatu zilizo jirani. Hata kuloweka tu maharage usiku, jambo lisilo na gharama, kunapunguza kuni za kesho yake.

Kikoba kinakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri. Ukipata nafasi, au ukimtuma afisa wako wa mazingira, mtakuta mita ya umeme tunayoisoma kabla na baada ya kupika, na daftari tulikoandika kila uniti na kila kisado. Siku hiyo tutapika maharage ya njano ya hapa hapa Uyole. Tutakuwa tumeyaloweka tangu Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa mkoa wetu,
Mweka hazina wa kikoba, Uyole, Jiji la Mbeya