Barua kwa mafundi umeme mnaogongewa mihuri na wengine

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliotoka vyuo vya ufundi stadi vya VETA juzijuzi, na ninyi mliojifunza kwa kumshikia ngazi fundi mwingine, ambao leo mnalipwa kwa siku au kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi. Kazi mnayo, na mikono mnayo. Ila angalieni jinsi nyumba mliyoimaliza inavyopata umeme. Mteja akiomba kuunganishwa na shirika la umeme, TANESCO, mchoro wa wayaringi unatakiwa uwe na saini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Aliyevuta nyaya ni wewe, aliyepanda dari mchana wa jua kali ni wewe, kisha anakuja mtu na muhuri, anachukua chake, na kwenye karatasi nyumba inakuwa kazi yake. Nyumba arobaini za namna hiyo zinamfanya yeye awe mkandarasi wa nyumba arobaini. Wewe umebaki na hela uliyokwisha kula.

Leseni huombwa kwa vyeti na kwa ushahidi wa kazi, na hapo ndipo wengi hukwama. Kama huna cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unajiandikisha, unapimwa kwa vitendo, sehemu uliyopungukiwa unafundishwa, kisha unapewa cheti cha daraja unalostahili. Wenye cheti cha daraja la kwanza, msiishie hapo. Nendeni la pili na la tatu mkiwa bado hamjaelemewa na ada za watoto. Leseni zenyewe zina madaraja pia, na kila daraja lina mipaka ya kazi unayoruhusiwa kufanya. Ombeni la chini mnaloliweza sasa, mpande baadaye.

Ushahidi wa kazi hautengenezwi siku ya kujaza fomu. Nunueni daftari la jalada gumu. Kila saketi, yaani kila njia ya umeme ndani ya nyumba, iandikiwe tarehe, mahali, urefu wa waya kutoka kwenye dibii (boksi la kugawia umeme), unene wa waya, ukubwa wa breka, mzigo, na vipimo ulivyosoma. Kabla plasta haijapigwa, piga picha ya kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imekunjuliwa pembeni ya paipu. Mwenye nyumba akitaka kutundika kabati baada ya miaka sita, atakutafuta wewe, kwa sababu ni wewe peke yako unayejua paipu imepita wapi.

Sasa vipimo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fundi anapotengana na mvuta nyaya.

Wengi wenu mnamaliza kazi kwa multimita na tesita. Multimita hupima ukinzani kwa volti chache za betri yake, kwa hiyo ngozi ya waya iliyochunika inaweza kuonekana nzima kabisa, halafu ikavujisha ukiweka volti 230. Kifaa cha kazi hiyo ni mega, inayosukuma volti 500. Zima swichi kuu, chomoa kila kifaa na toa taa zote (dereva za LED, vile vifaa vya ndani vinavyolisha taa, hazivumilii volti hizo), unganisha laini (waya wa moto) na nyutro pamoja, kisha pima dhidi ya athi, waya wa ardhini. Ukisoma chini ya megaohmu 1, usiwashe. Mara nyingi utakuta msumari wa fundi dari, boksi lililoingia maji ya plasta, au waya uliovutwa kwa nguvu kwenye kona ya paipu. Igawe saketi katikati, pima kila nusu. Nusu yenye ubovu igawe tena. Kubomoa ukuta kwa kubahatisha kunamaliza faida yako yote.

RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ikiruka hovyo, kuna wanaoiondoa wakaunganisha moja kwa moja. Msifanye hivyo hata mteja akilia. Anzeni kwa nyutro: huenda nyutro za saketi mbili zimechanganywa, moja inapita kwenye RCD na nyingine haipiti, au nyutro imegusa athi ndani ya soketi.

Na hesabu. Chukua pampu ya kisima inayokula ampia 10, iliyo mita 60 kutoka kwenye dibii. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita, kwa hiyo 18 × 10 × 60 ni milivolti 10,800, yaani volti 10.8, kama asilimia 4.7 ya 230. Inavumilika, kwa shida. Ukiweka 1.5 kwa sababu ni rahisi, hupoteza milivolti 29, na hapo zinapotea volti 17.4. Mota ikikosa volti hujivutia ampia zaidi, inachemka, inaungua. Mteja atamlaumu muuza pampu, atanunua nyingine, nayo itaungua. Anayeweza kumwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kununua waya hagombanii tena bei ya pointi.

Waya wenyewe mkwangueni kwa kisu dukani. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu ya hapo juu haiihusu.

Vifaa nunueni kwa mpangilio: multimita yenye alama ya CAT III (daraja la usalama wa kifaa cha kupimia), kisha klampu ya kupimia ampia, kisha mega. Wekeni sehemu ya kumi ya kila malipo kando mpaka mega ipatikane. Drili ya gharama inaweza kusubiri. Ya kuazima hutoboa ukuta vilevile.

Kuhusu kuchepusha mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, sina maneno mengi. Ni kosa la jinai, na anayekuita usiku ndiye atakayekutaja asubuhi. Jina la kishoka, yaani fundi wa njia za panya, halifutiki mtaani.

Mlioajiriwa, daini mkataba wa maandishi. Hakikisheni michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, jumla asilimia 20 ya mshahara, inafika kweli. Ulizeni salio kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa wapo wanaokata na wasipeleke. Siku ya kuondoka, hata kama mmeachana kwa maneno makali, usitoke bila cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimu mwajiri akupe. Kitolee nakala mbili: moja ikae ndani ya lile daftari, nyingine nyumbani kwa mtu asiyehamahama.

Mzee wenu wa saiti