Mzani wa dhahabu uletwe machimboni

Mhariri,

Mwaka 2024 Benki Kuu ya Uganda ilitangaza mpango wa kununua dhahabu inayochimbwa humu nchini, hasa kwetu wachimbaji wadogo, ili kukuza akiba ya taifa. Naunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba mnunuzi wa serikali aje machimboni, na alipe siku hiyo hiyo.

Huku Tiira, wilaya ya Busia, dhahabu huwa imeshauzwa kabla haijatoka shimoni. Anayetukopesha mafuta ya pampu, unga na pesa ya kusagia mawe ndiye anayenunua, na bei anapanga yeye. Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilipima donge asubuhi kwa sonara: gramu 3.4. Jioni, mzani wa mnunuzi wetu ukasoma 3.1. Tulipouliza, tukaambiwa tulipe deni kwanza ndipo tuulize. Tukapokea tulichopewa, maana watoto walikuwa wamefukuzwa shule kwa kukosa karo.

Mtu wa hali hiyo hawezi kungoja malipo ya wiki mbili kutoka Kampala, hata bei iwe nzuri namna gani. Mlanguzi ana noti mkononi, na mpaka wa Kenya uko hapa hapa. Wenzetu Tanzania walianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, wakianzia Geita kwenyewe kunakochimbwa.

Kuna pia suala la leseni. Sheria ya madini ya 2022 inamtambua mchimbaji mdogo, lakini wengi wetu bado hatuna karatasi. Benki ikidai leseni siku ya kwanza, itanunua kwa madalali wale wale, nasi tutabaki na madeni yetu. Iandikishe vikundi kwanza.

Na zebaki, ile sumu tunayonasia dhahabu, Mhariri! Tunaikanda na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu, wengine mtoto mgongoni, kisha tunaichoma kwenye jiko lile lile la chakula. Benki ikiongeza bei kwa dhahabu isiyopitia zebaki, na kutuletea mtu wa kutufundisha njia nyingine, nitakuwa wa kwanza kuiacha.

Kikundi chetu kina wanawake 14. Tuko tayari kuandikishwa hata kesho.

Mama mchimbaji,
Tiira, Busia