Bibi Alishinda Kesi, Akalia

Wanangu mawakili,

Juzi nilimsindikiza jirani yangu mahakamani, nikamwona mwenzenu mmoja akitoka chumba cha hukumu, joho limemkaa sawasawa, simu mkononi. Nyuma yake anajikokota bibi wa miaka sabini na ushei, kanga mbili, kandambili, bahasha ya kaki kwapani. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, wamesemaje?" Naye, macho kwenye simu, akajibu, "Bibi, appeal imekuwa dismissed, with costs." Akapita zake. Bibi akakaa kwenye benchi la koridoni, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia.

Alikuwa ameshinda. Rufaa iliyotupwa ni ya shemeji yake, aliyetaka kumnyang'anya shamba la mihogo aliloachiwa na marehemu mumewe. Nilikaa naye nikamweleza: shamba ni lako, na gharama za kesi atalipa shemeji yako. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Ya nne akauliza, "Sasa mbona hakusema?"

Nimelala na swali hilo siku nne, ndiyo maana nawaandikia.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijibu hivyo hivyo: mzee, sheria tumeisoma kwa Kiingereza, tufanyeje? Jibu hilo lina umri, na umri wake umekwisha. Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu haki inapokihitaji. Na hata kabla ya hapo, Katiba ya 1977 ni ya Kiswahili, na Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikitoa hukumu kwa Kiswahili tangu nyinyi hamjazaliwa: hakimu anasikiliza, mdai anajua alichoshinda, mdaiwa anajua alichoshindwa, wanaenda kugombana vizuri huko nje. Kadiri shauri linavyopanda ngazi ndivyo wenyewe wanavyoachwa chini.

Hebu mchukueni Holaria Pastory, ambaye kesi yake mmeikariri wote kwa ajili ya mtihani. Mwanamke wa Kihaya, amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai ardhi irudi, akiegemea kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963: mwanamke aitumie ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Wilaya ikatengua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizotiwa kwenye Katiba mwaka 1984. Jambo kubwa hilo. Lakini hukumu iliandikwa Kiingereza. Jiulizeni ni mabinti wangapi wa Muleba, ilikoanzia kesi hiyo, wameisoma, na ni wangapi wameisikia kwa shangazi kwenye mazishi, imepindishwa, kwa sababu sisi tulioielewa hatukuona kazi ya kuisimulia. Tuliikata vipande tukavitia kwenye hoja zetu. Nami nimo.

Kuna kitabu nilimuuliza kijana mmoja mwenye shahada mbili. *Kusadikika*, nikamwambia, unakijua? Akasema alikisoma shuleni. Karama alishtakiwa kwa kosa gani? Kimya. Wanangu! Karama alisimamishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Kufundisha watu sheria ndilo kosa lenyewe! Na anayemshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Siku sita Karama anajitetea, kila siku na habari ya mjumbe mmoja ambaye nchi ilimtuma mbali kutafuta mema, akarudi nayo, wakamtia kifungoni. Shaaban Robert hakuwa wakili, alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, na aliyaandika hayo chini ya pua ya Mwingereza. Nimekisoma kitabu hicho ujanani nikadhani ni habari za wafalme. Nimekirudia uzeeni, nikaona Majivuno ana joho, na mara kadhaa joho lenyewe lilikuwa langu.

Na wale wanaosema Kiswahili hakibebi hoja nzito ya mkataba wakasome *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Mkataba, dhamana, ratili ya nyama, halafu hoja ya damu: kila kitu kimo, na mtoto wa darasa la saba anafuata. Mwalimu kizimba hakukisoma vitabuni tu. Mwaka 1958 alishtakiwa Dar es Salaam kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, akitetewa na wakili D. N. Pritt, yule yule aliyemtetea Kenyatta Kapenguria. Akatozwa shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa.

Lakini nisiwabebeshe nyinyi peke yenu. Sisi wazazi ndio tuliouza mbuzi na mashamba ili mtoto arudi likizo anachanganya maneno, bibi yake hamwelewi, nasi tukacheka kwa fahari. Wakili akizungumza Kiswahili kilichonyooka mnamsikia mtu pembeni ananong'ona, "Huyu kasoma kweli?" Wateja wenyewe wanalipa zaidi wasipoelewa. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, na niliwahi kuitumia kupandisha ada. Mungu anisamehe.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Fedha ya mteja si yako hata ikilala kwenye akaunti yako usiku mmoja. Kesi isiyo na miguu usiipokee. Msalimie karani wa masijala kabla hujahitaji faili. Usimsubirishe shahidi njaa. Ukikosea, mwambie hakimu wewe mwenyewe. Historia ya nchi hii msiisome kwa vipande vya mitihani. Na mlale, jamani, mnaonekana mmechoka.

Siwachukii. Nikiwaona asubuhi mmepanga foleni na mafaili, moyo wangu unajaa, kwa sababu mwaka 1961 kitivo cha sheria cha chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam kwenye jengo la TANU, wanafunzi walikuwa 14, mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Leo mabinti wamejaa korido ile. Naomba tu koridoni hapo hapo mgeuke nyuma mtazame nani anawafuata.

Wewe kijana wa juzi, jina lako sitalitaja, mwenyewe unajijua. Bibi anataka nakala ya hukumu yake. Nimemwambia utaipeleka Jumamosi. Toka stendi, uliza penye mwembe mkubwa, shamba liko nyuma yake. Nenda bila joho, umsomee. Atakupikia mihogo, nawe kula.

Mzee wenu, wakili mstaafu